Maswali ya Wasomaji: Picha Moja Kila Wiki kwa Mwaka Mzima

Barua zinazohusu upigaji picha wa mazingira zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinagusa jambo moja: mtu anaamua kwamba kila wiki, kwa mwaka mzima, atapiga picha za maumbile na mandhari ya pale anapoishi, kisha atachagua moja tu ya kuiweka. Tumeitenga safu yote ya toleo hili kwa ajili ya kazi hiyo. Barua tumezifupisha, na majina ya wasomaji yamehifadhiwa.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Nimevutiwa na wazo la kupiga picha moja ya maumbile kila wiki kwa mwaka mzima, lakini ninakoishi hakuna mlima, maporomoko ya maji wala wanyamapori. Kuna miti ya kando ya barabara, kijito chembamba na uwanja wa nyasi. Isitoshe, chombo changu ni simu tu. Je, nianze hivyo hivyo, au nisubiri hadi nipate kamera nzuri na nafasi ya kusafiri?

JIBU: Ndugu msomaji, anza, tena anza wiki hii. Wengi huahirisha hadi Januari kwa kudhani kwamba mwaka wa picha lazima ulingane na mwaka wa kalenda, na Januari inapofika hamu imekwisha. Wiki 52 ni siku 364, kwa hiyo hata ukianza katikati ya mwezi wowote, picha yako ya mwisho itaangukia majira yale yale uliyoanzia, nawe utapata nafasi ya kulinganisha hali mbili za mahali pamoja.

Kuhusu uhaba wa mandhari, nina maoni ambayo huenda yakakushangaza: hali yako ni afadhali kuliko ya mtu anayeishi chini ya mlima mashuhuri. Yule anapoinua kamera, picha ya mlima tayari anayo kichwani, kwa kuwa ameiona kwenye kalenda na kadi za posta tangu utotoni, na kazi yake kubwa huwa ni kuikimbia. Wewe huna cha kukimbia. Picha ya kale kuliko zote zilizopigwa kwa kamera na kusalia hadi leo, ambayo Nicéphore Niépce aliipiga nchini Ufaransa mwaka 1826 au 1827, inaonyesha mapaa na kuta zilizoonekana kutoka dirishani kwake. Zaidi ya karne moja baadaye Josef Sudek, aliyepoteza mkono wa kulia kutokana na jeraha la Vita vya Kwanza vya Dunia, alianza mwaka 1940 kupiga picha kupitia dirisha la studio yake jijini Prague, akaendelea hadi mwaka 1954. Alichokuwa nacho ni kioo, mti uliopinda uani, na hali ya hewa: mvuke uliotanda kiooni, matone ya mvua, theluji. Ukilinganisha na hayo, kijito chako na miti yako ni utajiri.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuweka mpaka. Chagua eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu katika muda wa saa moja hivi, na uazimie kutotoka nje yake kwa ajili ya kazi hii. Mpaka huo una faida mbili. Kwanza, unaondoa kisingizio cha safari, maana kazi inayotegemea usafiri hukwama siku ya kwanza usafiri unapokosekana. Pili, unakulazimisha urudie, na katika kurudia ndipo mtu huanza kuona kwamba gome la mti upande wa mashariki halifanani na la upande wa magharibi, au kwamba kijito hubadilisha rangi siku moja baada ya mvua na wala si siku ile ile mvua inaponyesha. Baada ya mpaka, weka kanuni tatu na usiongeze ya nne: picha ipigwe ndani ya wiki husika, ipigwe ndani ya mpaka, na mwisho wa wiki ichaguliwe moja tu. Usijifunge kwenye saa au siku maalumu ya kupiga, kwa sababu mwanga haufuati ratiba yako. Siku ya kuchagua ndiyo iwe ya kudumu, kwa mfano kila Jumapili jioni.

Simu inatosha kabisa, ila inadai mambo machache. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kupiga. Lenzi ya simu hushikwa na vidole siku nzima, na ule utando wa mafuta ndio unaosababisha mwanga utapakae na picha ionekane kama imefunikwa na moshi. Usivute picha kwa vidole ili kukisogeza kitu cha mbali, kwa kuwa mara nyingi simu hukata tu kipande cha picha na kukipanua, sogea wewe. Halafu jifunze kugusa kioo na kushikilia kidole juu ya kitu unachokilenga, ili fokasi (mahali picha inapokuwa kali) na kiwango cha mwanga vifungwe hapo, kisha upunguze mwanga kidogo kwa kuburuta kidole chini iwapo anga inaonekana nyeupe tupu. Anga iliyoungua haina cha kurudisha hata ukiihariri usiku kucha, ilhali sehemu yenye giza mara nyingi hubeba maelezo yanayoweza kuinuliwa baadaye.

SWALI: Mimi nimekwisha kuanza, na sasa niko mwezi wa nne. Nina kamera ya lenzi za kubadilisha. Wiki za mwanzo nilifurahi mno, lakini sasa picha zangu zote zinafanana: machweo, mti mmoja mweusi mbele ya anga nyekundu, machweo tena. Nimefikiria kuacha au kuhamia eneo jingine. Mnanishauri nini?

JIBU: Usihame. Ukihamia eneo jingine utapata nafuu ya wiki chache, kisha uchovu ule ule utakukuta huko, kwa sababu haukutokana na eneo. Umetokana na kwenda saa ile ile, kusimama kwa kimo kile kile na kuangalia umbali ule ule. Ziweke picha zako zote za miezi hii mezani au kwenye kioo kimoja cha kompyuta, zikiwa ndogo ndogo, uzitazame kwa pamoja. Tabia yako itajitokeza yenyewe, nawe utaona pia ni kitu gani hujawahi kukipiga hata mara moja.

Machweo yana tatizo lake. Ni mazuri, hakuna anayebisha, lakini uzuri huo ni wa anga yenyewe, na mara nyingi mpiga picha hauongezei kitu. Ningekushauri uyafungie nje kwa wiki sita. Saa hiyo hiyo unapokuwa umesimama kulielekea jua, geuka ulipe mgongo, utazame linaangukia wapi. Jua linapokuwa chini, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanywa njiani na nyekundu na manjano ndizo zinazobaki, na vivuli hurefuka hivi kwamba jiwe dogo, unyayo kwenye mchanga au mshipa wa jani huonekana kama umechongwa. Ukiligeukia jua unapata rangi. Ukilipa mgongo, au likiwa ubavuni mwako, unapata umbo.

Ujue pia nuru hiyo inadumu kwa muda gani mahali ulipo. Jua huonekana likisogea nyuzi 15 kwa saa. Kwenye Ikweta, mnamo Machi na Septemba, linashuka karibu wima, na kutoka nyuzi 6 juu ya upeo wa macho hadi kuzama huchukua dakika 24 hivi. Katika latitudo ya nyuzi 60 linashuka kwa mshazari, na mwendo huo huo huchukua muda wa karibu mara mbili. Kwa hiyo shauri linalosambazwa kwamba kuna saa nzima ya nuru ya dhahabu halimfai kila mtu. Anayeishi karibu na Ikweta lazima awe amekwisha kuchagua mahali pa kusimama kabla nuru haijafika.

Kuna jambo jingine ambalo mwaka mzima tu ndio unaoweza kukuonyesha. Jua halichomozi mahali pamoja. Kwa mtu aliye kwenye Ikweta, huchomoza mashariki kamili karibu na tarehe 20 Machi na tena Septemba baada ya tarehe 20, husogea hadi nyuzi 23 na nusu kuelekea kaskazini mwezi Juni, na kiasi hicho hicho kuelekea kusini mwezi Desemba. Kadiri mtu anavyokaa mbali na Ikweta ndivyo masafa hayo yanavyopanuka. Mwendo wake nao si sawa: mnamo Machi na Septemba, pale Ikweta, mahali pa mawio husogea karibu nyuzi 2.8 kwa wiki, ambazo ni zaidi ya upana wa majua matano yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, ilhali katikati ya Juni na mwishoni mwa Desemba jua ni kama limesimama. Maana yake ni kwamba uchochoro kati ya miti, ukingo wa ukuta au bonde jembamba linaweza kupata nuru ya asubuhi kwa wiki mbili tu na lisiipate tena hadi jua lirudi kupita hapo. Mwenye kupita hapo kila wiki ataikuta. Mgeni aliyekuja na kamera ya bei mbaya kwa siku moja, labda abahatike.

Usiidharau hali mbaya ya hewa. Mawingu mazito huondoa vivuli vikali na kusambaza nuru sawasawa, nuru inayofaa hasa kwa majani, uyoga, magome na maji yanayotembea. Gome lililoloa huwa jeusi zaidi na kuvu zinazoota juu yake huonyesha rangi zisizoonekana mchana wa jua kali. Ikiwa unaweza kupata kichujio cha polaraizi, kitumie siku hizo pia, si kwa ajili ya anga pekee: ukikizungusha mbele ya lenzi, ule mng'ao mweupe juu ya majani yenye maji hupungua na kijani chenyewe hutokea. Kichujio hicho hula mwanga wa stopu moja hadi mbili (kila stopu ni kupungua kwa mwanga kwa nusu), kwa hiyo utahitaji kasi ndogo ya shata, yaani pazia la kamera linaloingiza mwanga, au stendi ya miguu mitatu.

Nitaeleza kitu kimoja kwa kirefu ili uone jinsi hali ya hewa inavyogeuka kuwa mada. Umande hutokea hasa baada ya usiku wenye anga safi na hewa tulivu, kwa sababu majani na nyasi hupoteza joto lao kuelekea angani hadi yanakuwa baridi kuliko hewa inayoyagusa, na mvuke uliomo katika hewa hiyo hugeuka matone. Usiku wa mawingu au wa upepo haufanyi hivyo kirahisi. Kwa hiyo ukitoka nje saa nne ya usiku ukaona nyota nyingi na hakuna jani linalotikisika, weka kengele ya kuamka alfajiri. Tafuta utando wa buibui kwenye kichaka au kati ya mabua ya nyasi ndefu, usimame mahali ambapo jua linatokea upande wa pili wake na nyuma ya utando kuna kivuli kizito, kwa kuwa matone yatang'aa tu yakiwa na giza nyuma yake. Mgongo wa kamera uwe sambamba na utando. Ukiuinamisha hata kidogo, nyuzi za upande mmoja zitakuwa kali na za upande mwingine zitafifia, maana katika picha za karibu sana sehemu inayoonekana kwa ukali ni nyembamba mno. Anza na tundu la f/8, yaani ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Kinga lenzi kwa kiganja ili jua lisiingie moja kwa moja. Na usipumue kuelekea utando! Pumzi yako inatosha kuutikisa, na nyuzi hukawia kutulia.

Kama bado unahisi eneo lako limeisha, mfikirie Wilson Bentley wa jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 15 Januari 1885 alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000 za chembe kama hizo. Si lazima ufike huko. Lakini ikiwa mwezi mmoja utaukabidhi kwa kitu kimoja, kwa mfano maji peke yake, au mbegu na maganda yake, au kila kilicho chini ya usawa wa goti, utashangaa jinsi uwanja ule ule unavyoanza kukupa kazi nyingi kuliko muda ulio nao.

SWALI: Wiki iliyopita niliugua na sikupiga picha yoyote. Ninazo nyingine nzuri za wiki iliyotangulia. Je, ni kosa kuitumia mojawapo?

JIBU: Pole kwa kuugua. Iache wiki hiyo wazi, uandike tarehe na maneno mawili matatu kuhusu sababu, uendelee na inayofuata. Picha ya kuazima kutoka wiki nyingine inaharibu kitu pekee ambacho kazi hii inacho kuliko albamu ya kawaida, yaani uhakika wa wakati. Mwaka wenye nafasi mbili tatu tupu unaaminika zaidi. Ukipona nusu, kumbuka kwamba dirisha nalo limo ndani ya mpaka wako.

SWALI: Nimeamua kupiga mti ule ule kutoka mahali pale pale kila wiki, pamoja na picha yangu nyingine ya wiki. Nilipozipanga picha kumi za kwanza niligundua kwamba mti unahama: mara uko kushoto zaidi, mara mkubwa, mara mdogo, ingawa nilisimama pale pale. Nifanye nini?

JIBU: Hukusimama pale pale, ndugu yangu, ila ulisimama karibu na pale. Macho husamehe tofauti ya hatua moja, lakini kamera haisamehe. Upigaji wa marudio ni fani yenye wataalamu wake, na wanasayansi wanaofuatilia barafu ya milimani wamekuwa wakiitumia tangu karne ya 19. Njia yao kuu ni rahisi, nayo haihitaji chombo chochote.

Chagua vitu viwili visivyohama, kimoja kilicho karibu na kimoja cha mbali, vinavyoonekana pamoja katika fremu: kwa mfano ncha ya nguzo ya uzio na pembe ya paa lililo nyuma yake. Simama mahali ambapo ncha hiyo inagusa pembe hiyo barabara. Ukisogea kushoto hata kwa upana wa kiganja, nguzo itaonekana ikihamia kulia ikilinganishwa na paa, kwa sababu vitu vya karibu huonekana kuhama zaidi kuliko vya mbali. Tafuta jozi ya pili upande mwingine wa fremu. Jozi mbili zikikaa sawa kwa wakati mmoja, umerudi mahali pale pale, na tofauti itakayobaki ni ndogo mno. Kimo kinahitaji uangalifu wake: tumia fimbo yenye alama, uegemeze kamera kwenye alama hiyo kila mara. Lenzi nayo iwe ile ile, na kama ni ya kuvuta, iache kwenye urefu mmoja. Kwenye simu tumia lenzi kuu bila kuvuta.

Beba nakala iliyochapishwa ya picha ya kwanza, ndogo tu ya kutosha mfukoni, uilinganishe na unachokiona kabla ya kubonyeza. Acha nafasi ya kutosha kuzunguka mti katika fremu, kwa kuwa matawi yatakua, na pia utahitaji kingo za kukata unapozinyoosha picha baadaye. Saa ya kupiga si lazima iwe moja, ila uchague msimamo mmoja: ama upige wakati wa mawingu daima ili mti ubaki mti, ama ukubali nuru yoyote ili mwaka nao uonekane. Mimi ningechagua la pili. Anayetaka kupima ukuaji wa matawi kwa ajili ya utafiti atachagua la kwanza, naye atakuwa na haki.

SWALI: Ndege wamejenga kiota katika kichaka kilicho ndani ya eneo langu. Majani yanakiziba, na rafiki yangu ananishauri niyakate machache ili makinda waonekane. Je, kuna ubaya?

JIBU: Upo, tena mkubwa. Majani hayo ndiyo paa na pazia la makinda. Yanawakinga jua na kuwaficha machoni mwa wanaowawinda. Usikate, usifunge tawi pembeni kwa kamba, wala usiweke simu karibu na kiota ukaiacha. Hata njia unayoikanyaga kila siku kwenye nyasi humwelekeza mwindaji.

Kaa mbali, na mwangalie mzazi. Akitoa mlio wa tahadhari bila kukoma, au akisimama tawini na mdudu mdomoni bila kwenda kuwalisha watoto, wewe ndiye sababu. Rudi nyuma hadi atulie, na asipotulia ondoka. Picha nzuri ya ndege huyo utaipata mahali anapotafuta chakula, si nyumbani kwake. Huko unaweza kumsubiri ukiwa umeketi kimya, kasi ya shata ikiwa angalau 1/500 ya sekunde kwa ndege aliyetua lakini anayegeuza kichwa kila mara, na 1/1000 au zaidi kwa anayeruka. Kabla hujamtumia mtu yeyote picha hizo, zima kipengele kinachoandika mahali ilipopigwa ndani ya faili. Simu nyingi huandika mahali hapo bila mwenyewe kukumbuka, na kiota kinaweza kujulikana kilipo na watu ambao hukuwakusudia.

SWALI: Ni kiasi gani cha kuhariri kinaruhusiwa? Programu niliyo nayo inaweza hata kubadilisha anga nzima.

JIBU: Kwa kazi ya namna hii ningeruhusu kukata kingo, kunyoosha upeo wa macho, kurekebisha mwanga na kivuli, na kuondoa vumbi lililokaa kwenye lenzi. Anga ya kubandika nisingeikubali hata ingekuwa nzuri namna gani. Ukiiweka anga ya wiki nyingine juu ya uwanja wa wiki hii, umetengeneza siku ambayo haikuwahi kuwapo, na baada ya miaka mitatu wewe mwenyewe utakuwa umesahau ni ipi ya kweli.

Kijani ndicho kinachoharibiwa kuliko rangi zote. Watu huongeza ukolezi wa rangi hadi nyasi zinakaribia kuwaka, na picha 52 za namna hiyo huchosha macho kabla ya kufika katikati. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi faili ghafi, yaani picha kabla kamera haijaichakata na kuibana, ihifadhi hivyo: faili ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo huonekana pale unapoinua kivuli kizito. Weka pia urari wa weupe, yaani mpangilio unaorekebisha rangi kulingana na nuru iliyopo, kwenye alama ya jua badala ya kuiachia kamera ijiamulie. Kamera inayojiamulia huiona buluu ya alfajiri kama kasoro ikaisahihisha, na rangi uliyoamkia ikapotea.

SWALI: Mwaka wangu unakaribia kuisha. Nitazihifadhije picha hizi, na je, zile dhaifu niziondoe kabla sijamwonyesha mtu?

JIBU: Hongera kwa kufika huko. Kabla ya jambo lolote, hakikisha kila picha ina tarehe, saa, mahali na hali ya hewa kwa maandishi, hata kama kamera huandika tarehe yenyewe, kwa kuwa saa ya kamera hukosewa na faili hunakiliwa hadi kumbukumbu zake hupotea. Ansel Adams, mmoja wa wapiga picha za mandhari mashuhuri kabisa, alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, asiandike tarehe, na kwa miaka mingi picha hiyo ilitajwa kuwa ya miaka tofauti. Ilibidi wanaastronomia wakokotoe kutokana na nafasi ya mwezi uliomo pichani ndipo ikajulikana kuwa ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941, alasiri. Picha yako ya kijito haina mwezi wa kukuokoa.

Hifadhi nakala tatu, mbili kati yake zikiwa kwenye vifaa tofauti, kwa mfano kompyuta na diski ya nje, na ya tatu iwe mbali na nyumba unamokaa, ama kwa mtu unayemwamini ama kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu peke yake si hifadhi. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, ili zijipange zenyewe.

Dhaifu usiziondoe. Picha ya wiki ya 23 ambayo huipendi inaweza kuwa ndiyo pekee inayoonyesha nyasi zilivyokuwa kabla hazijakauka, na ukiitoa, ya 22 na ya 24 zitaonekana kama za maeneo mawili. Unapotaka kuwaonyesha watu, tengeneza mikusanyo miwili: mmoja wa zote kwa mpangilio wa tarehe, na mwingine wa picha 12 hadi 15 ulizozichagua kwa nguvu zake bila kujali wiki. Kwa huu wa pili, mpe mtu mwingine nafasi ya kuchagua kwanza, na ikiwezekana asiwe anayejua ulivyoteseka kuzipata, kwa kuwa jasho la mpiga picha halionekani pichani na mara nyingi humdanganya mwenyewe.

Kisha zichapishe. Faili ya nukta 4000 kwa 3000, ambayo simu nyingi hutoa, inachapika vizuri kwa ukubwa wa sentimita 34 kwa 25 hivi kwenye kiwango cha nukta 300 kwa inchi. Kwa mkusanyo wa picha zote 52 hauhitajiki ukubwa huo. Sentimita 10 kwa 15 zinatosha, nazo zitakuwezesha kuzitandaza sakafuni safu nne za picha 13, kila safu robo ya mwaka. Zile za marudio, kama ulipiga mti mmoja, zipange peke yake katika mstari mmoja. Chagua karatasi isiyong'aa ikiwa zitatundikwa mkabala na dirisha, na nyuma ya kila moja andika namba ya wiki kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya au kuchafua picha iliyolaliwa juu yake.